Tanzania na UNESCO: Urithi Uliotenganishwa na Elimu

Tanganyika ilijiunga na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, tarehe 6 Machi 1962, uhuru ukiwa haujatimiza hata miezi mitatu. Chuo kikuu chake kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi 14 waliosomea katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi ya namna hiyo ilipobisha hodi Paris ilikuwa inatafuta walimu, vitabu na maarifa ya kuendesha shule. Magofu na mbuga vilikuwapo, lakini havikuwa hoja ya siku ile.

Leo mambo yamegeuka. Mtanzania akisikia UNESCO anawaza Serengeti, Mlima Kilimanjaro na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Na akiwaza urithi, anawaza watalii na fedha za kigeni. Elimu imesukumwa pembeni. Naona mgeuko huo ndio unaoeleza kwa nini ushirikiano huu wa zaidi ya miaka 60 umezaa matunda mahali fulani na kukwama pengine. Ulistawi kila mara maarifa yalipomfikia mwananchi, naye akapewa kazi ya kufanya ndani yake. Ulidorora pale urithi ulipofanywa kitega uchumi tu, na elimu ikaachiwa wakopeshaji.

Ni muhimu kwanza kuelewa hiki ni chombo cha aina gani. UNESCO iliasisiwa London tarehe 16 Novemba 1945, vita vikiwa vimekwisha juzi tu, na waasisi wake wakaweka elimu, sayansi na utamaduni chini ya paa moja kwa makusudi. Si benki. Bajeti yake ya kawaida kwa miaka 2022 na 2023 kwa pamoja ilikuwa takriban dola za Marekani milioni 534, igawanywe kwa dunia nzima. Mkopo mmoja tu wa Benki ya Dunia kwa shule za sekondari za Tanzania, ulioidhinishwa Machi 2020, ulikuwa dola milioni 500. Anayeitarajia UNESCO ijenge madarasa hajaielewa. Inachoweza kutoa ni utaalamu, viwango, jukwaa la mataifa kusemezana, na jina lake. Vitu hivyo vina thamani kubwa kwa nchi inayojua inakokwenda, na vina thamani ndogo mno kwa nchi isiyojua.

Mfano ulio bora kuliko yote uko Kanda ya Ziwa. Mwaka 1965 mawaziri wa elimu walikutana Tehran kwa mwito wa UNESCO, wakaafikiana kujaribu njia mpya ya kufuta ujinga. Badala ya mtu mzima kukaririshwa silabi zisizomhusu, angejifunza kusoma kupitia kazi inayomlisha. Nchi 11 ziliingia katika majaribio hayo, zikiwamo Iran, Mali, India, Ecuador, Ethiopia na Tanzania, nao Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa ukachangia gharama. Huku kwetu mradi ulianza mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, ukahudumia mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Wenyewe waliuita kisomo chenye manufaa.

Uzuri wake ulikuwa katika vitabu. Msukuma alianza kusoma kwa habari za pamba, Mhaya kwa habari za migomba, mvuvi kwa habari za nyavu na samaki, mfugaji kwa ng'ombe wake. Ngumbaru aliyeketi kwenye benchi jioni, mikono ikiwa bado na udongo wa shamba, alikuta katika ukurasa mambo aliyoyajua kuliko mwalimu wake. Alichokosa ni herufi tu. Hapo mtu mzima hadhalilishwi kwa kufundishwa. Ujuzi wake unaheshimiwa, kisha unaongezewa chombo. Nami naona kwamba hiyo ilikuwa kazi ya urithi vilevile, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Maarifa ya kilimo, ufugaji na uvuvi ya watu wa ziwa yaliingia kwenye maandishi, katika lugha ya taifa, kwa matumizi ya wenyewe.

Serikali haikungoja mradi uishe ndipo ijue la kufanya. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU ikaazimia ujinga ufutwe kufikia mwisho wa 1975, na njia iliyojaribiwa Mwanza ikasambazwa nchi nzima. Walimu wa shule za msingi, wanafunzi, na yeyote kijijini aliyejua kusoma waliitwa kufundisha. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakashuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Anayezitilia shaka ana haki, maana mitihani ilikuwa na madaraja na kuvuka daraja fulani si sawa na kusoma kwa ufasaha. Lakini hata akizipunguza kwa kiasi kikubwa, bado linabaki jambo ambalo nchi chache maskini zimelifanya kwa muda mfupi hivyo. Ili waliojifunza wasisahau, kulianzishwa maktaba za vijijini na gazeti la kanda lililoitwa Elimu Haina Mwisho.

Katika nchi nyingine kadhaa kati ya zile 11, majaribio yalififia fedha za nje zilipokatika mwaka 1973, na tathmini ya UNESCO yenyewe iliyotolewa mwaka 1976 ilikiri kwamba matokeo hayakufikia matumaini. Tofauti ya Tanzania ni kwamba lengo lilikuwa la kwake. Wataalamu walileta ufundi wa kuandaa vitabu na kuwafundisha wakufunzi. Kiu ya kujua ilikuwa tayari vijijini, na chama kilikuwa na matawi ya kuifikia.

Kisha fedha zikakauka pande zote mbili kwa wakati mmoja, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Tanzania ilitoka katika Vita vya Kagera ikiwa hoi, bei ya mafuta ikapanda, bei ya mazao yake ikaanguka. Karatasi ikaadimika, posho ndogo za walimu wa kujitolea zikakoma, na mwaka 1986 nchi ikasaini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Huko Paris, UNESCO ilikuwa chini ya Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, Mwafrika wa kwanza kuiongoza, na ilikuwa imebeba madai ya nchi maskini kuhusu mtiririko wa habari duniani. Marekani, iliyokuwa ikilipa robo ya bajeti, ilijitoa mwishoni mwa 1984. Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye. Shirika lililokuwa tayari kusimama na ngumbaru wa Mwanza lilipokonywa uwezo katika miaka ileile ambayo ngumbaru huyo alilihitaji zaidi.

Tangu hapo usukani wa elimu umeshikwa na wenye mikopo. UNESCO ilikuwa miongoni mwa walioitisha mikutano mikubwa ya Elimu kwa Wote, Jomtien mwaka 1990 na Dakar mwaka 2000, na azma iliyotoka humo ndiyo iliyosukuma kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001 na kuanzishwa kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka uliofuata. Lakini waliokaa mezani na Hazina kujadili idadi ya madarasa, walimu na vitabu hawakutoka UNESCO. Tazama pia suala la wasichana waliopata ujauzito wakiwa shuleni. Haki yao ya kurudi darasani ilikuwa imetetewa kwa miaka mingi na wanaharakati wetu wenyewe, na kwa maneno mazuri katika nyaraka za kimataifa. Suala hilo lilipata uzito wa kiserikali ulipocheleweshwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ruhusa rasmi ikatangazwa Novemba 2021. Nafurahi kwamba wasichana hao wamerudi. Sifurahii kwamba fedha zilisikilizwa kabla ya hoja.

UNESCO haikuondoka kabisa katika elimu. Ofisi yake ya Dar es Salaam imesaidia redio za jamii, kama ile ya Sengerema na ile ya Micheweni, Pemba, na imeendesha miradi ya kuwabakiza wasichana shuleni. Ni kazi njema, ila ni ya mahali hapa na pale. Haifanani na ule mwendo wa taifa zima.

Upande wa urithi ulikua wakati elimu ikipungua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972 mnamo Agosti 1977, na haraka ikaanza kuorodhesha: Ngorongoro mwaka 1979, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara pamoja na Serengeti mwaka 1981, Selous mwaka 1982, Kilimanjaro mwaka 1987, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006. Jumla maeneo 7. Kati ya 5 yaliyotangulia, 4 yaliingia kwa ajili ya wanyama, mimea na milima, na 1 tu kwa ajili ya kazi ya mikono ya watu. Uwiano huo wa mwanzo umeacha alama hadi leo, maana ulikubaliana na picha ya Afrika ambayo wageni waliipenda, picha ya nyika isiyo na wenyeji. Sisi wenyewe tuliipeleka.

Kilwa ilikuwa ile 1. Mji huu ulitengeneza sarafu zake, ukashika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na Ibn Battuta alipoutembelea mwaka 1331 aliusifu kwa uzuri. Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mapema katika karne ya 14, lina ua, mabaraza na hodhi ukingoni mwa bahari. Msikiti Mkuu bado una kuba na matao yake. Mwaka 1505 Wareno waliushambulia. Baada ya karne za utulivu, adui mpya akawa bahari, mvua, na mizizi ya miti inayopasua kuta za mawe ya matumbawe. Mwaka 2004 Kamati ya Urithi wa Dunia iliyaingiza magofu hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Watu wengi huiona orodha hiyo kama aibu ya taifa. Kwa Kilwa ilikuwa wito, nao ukaitikiwa. Ufaransa na Norway zilitoa fedha kupitia UNESCO, Songo Mnara ikapata pia msaada wa Marekani, na Idara ya Mambo ya Kale ikashirikiana na mafundi kutoka nje. Lililokuwa kubwa zaidi ni kwamba wanakijiji waliingia kazini. Waliondoa magugu kwa utaratibu ili yasing'oke na ukuta, wakajenga kwa chokaa badala ya saruji, maana saruji hufungia unyevu ndani ya tumbawe na kulibomoa taratibu, na wakapanda mikoko ili kuvunja nguvu ya mawimbi yanayokula ufuo. Mwaka 2014, katika kikao cha Doha, Kilwa ilitolewa katika orodha ya hatari. Ukiuweka ushindi huo kando ya ule wa Mwanza utaona undugu wake. Mtu alifundishwa jambo, jambo lenyewe likawa kazi yake, na kazi ikabaki kijijini mtaalamu alipoondoka.

Mkaguzi mwenye macho makali atauliza nini kilifuata. Usimamizi wa Kilwa umekabidhiwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Nia ilieleweka: TAWA ina magari, askari, vyanzo vya mapato na uzoefu wa kupokea wageni, na Idara ya Mambo ya Kale imekuwa maskini kwa miaka mingi. Meli za watalii zimeanza kutia nanga. Lakini chombo kilichoundwa kuhifadhi tembo na simba kinapopewa misikiti ya karne ya 12, tunatangaza bila kusema kwamba Kilwa ni kivutio kabla ya kuwa somo. Mambo ya kale yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, utamaduni uko wizara nyingine, elimu nyingine. Tume ya Taifa ya UNESCO, iliyopewa sheria yake mwaka 2008, ndiyo iliyotarajiwa kuwaunganisha wote hao, nayo haina mamlaka juu ya bajeti ya yeyote kati yao.

Zanzibar tatizo ni jingine. Mji Mkongwe si magofu, ni mji wenye watu, na una majengo zaidi ya 1,700. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, miaka 15 kabla ya mji kuorodheshwa, kwa hiyo hapa nia ya wenyewe ilitangulia cheo. Hata hivyo cheo kilileta hoteli, hoteli zikapandisha thamani ya nyumba, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikajikuta ikilalamikia upanuzi wa hoteli katika jengo la Mambo Msiige, matunda ya umaarufu ambao yenyewe ilisaidia kuuleta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa makumbusho. Ndani yake mtoto wa Kizanzibari angeweza kuona mtepe na kujua mababu zake walivuka bahari kwa chombo kilichoshonwa kwa kamba. Mimi silalamikii sana ukuta, ukuta utajengwa. Nalalamikia vizazi vya wanafunzi wanaopita Forodhani bila kuingia darasa hilo.

Kondoa ilipata haki zaidi katika maandishi. Michoro iliyonakiliwa na Mary Leakey mwaka 1951 iliorodheshwa pamoja na kutambua kwamba wenyeji bado wanafanya matambiko ya mvua na uganga mahali kama Mungumi, Kolo. Urithi ulio hai ulitajwa kama sehemu ya thamani ya mahali. Ni jambo dogo machoni pa wengi, lakini tutalihitaji tukifika Ngorongoro.

Kabla ya huko kuna swali la uhuru wa taifa: ukishasaini, nani ana neno la mwisho? Serengeti ilijibu kwa namna moja. Mpango wa mwaka 2010 wa barabara kuu kupita kaskazini mwa hifadhi, njia ya nyumbu, ulipingwa na Kamati. Mwaka 2011 serikali ikaahidi kwamba kipande cha ndani ya hifadhi, kama kilomita 53, kitabaki cha changarawe chini ya usimamizi wa hifadhi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kenya, ikazuia barabara ya lami. Wananchi wa Loliondo walikuwa na haki ya kutaka barabara. Bado naona uamuzi ulikuwa sahihi, maana msafara ule ukikatwa haurudishwi kwa amri.

Selous ilijibu kinyume. Tembo waliokuwa karibu 110,000 mwaka 1976 walibaki kama 13,000 mwaka 2013, na mwaka 2014 pori likaingia katika orodha ya hatari. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Kamati ilikubali mpaka urekebishwe kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju. Kisha likaja bwawa la Rufiji, megawati 2,115, mkataba ukatiwa saini Desemba 2018, wakati Tanzania yenyewe ilikuwa mjumbe wa Kamati hiyohiyo, 2015 hadi 2019. Mwaka 2021 Kamati ilipelekewa pendekezo la kulifuta Selous katika orodha, ikaamua kulibakiza hatarini. Mitambo yote 9 imekamilika sasa.

Sitaki kujifanya hakimu wa haraka hapa. Nchi ambayo mamilioni ya watoto wake wamesomea kwa koroboi haiwezi kuambiwa umeme ni anasa. Mkataba unadai nchi maskini iachie faida kwa ajili ya binadamu wote, huku mchango wa lazima wa binadamu hao wote katika Mfuko wa Urithi wa Dunia usizidi asilimia 1 ya ada yao ya UNESCO. Hapo pana dhuluma. Lakini pia hatukulazimishwa kuorodhesha mwaka 1982, na mjadala wa kuchagua kati ya mto na umeme ulifanyika kati ya Dodoma na Paris. Wakulima wa mpunga na wavuvi wa delta ya Rufiji, wanaoishi kwa mafuriko ya mto huo, waliusikia kama habari iliyokwisha kuamuliwa.

Ngorongoro ndiyo inayoniuma zaidi. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 8,292 ilianzishwa mwaka 1959 kwa ahadi kwa Wamasai waliotolewa Serengeti kwamba hapa wataishi pamoja na wanyama. Iliorodheshwa kwa asili yake tu. Mwaka 2010 iliongezewa sifa ya utamaduni, na utamaduni uliotambuliwa ni ushahidi wa asili ya binadamu: Olduvai na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilizogunduliwa na kikosi cha Mary Leakey. Walioacha nyayo wakapata heshima. Anayetembea juu ya majivu hayo leo akiswaga ng'ombe hakupata. Ripoti za ujumbe wa Kamati ziliendelea kumtaja kwa idadi, watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, kana kwamba yeye ni upungufu katika eneo lake mwenyewe. Mwaka 2022, uhamishaji wa kwenda Msomera, Handeni, ulipozua kilio duniani, UNESCO ilitamka kwamba haijawahi kuomba Wamasai waondolewe. Tamko hilo ni la kweli kwa herufi. Lakini shirika lenye neno elimu katika jina lake lingepaswa kujua jinsi maonyo yake ya miaka mingi yanavyosomwa na serikali inayotafuta sababu. Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Wamasai Desemba 2024 na kuahidi tume 2 za kuchunguza mgogoro. Kukiwa na nia, utaratibu wa Kondoa unatosha kuwa njia: uandikishaji upya unaotaja ufugaji kuwa sehemu ya thamani ya mahali.

Upo urithi mwingine usiopigwa picha na mtalii yeyote. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingia katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1997; mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar ukafuata mwaka 2003. Humo mna mashamba, kodi, hukumu, vita, dawa, unajimu. Wanaoweza kusoma mwandiko wa Kijerumani wa mwaka 1905 nchini ni wachache sana, na vijana wanaosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu wanapungua. Historia Kuu ya Afrika, mradi wa UNESCO ulioamuliwa mwaka 1964 na kuzaa majuzuu 8, ilionyesha kwamba wenyewe tunaweza: Bethwell Ogot na Ali Mazrui wa Kenya walikuwa wahariri wa majuzuu, Isaria Kimambo na Abdul Sheriff wa Tanzania waliandika sura. Kazi ile ilipaswa kushuka hadi darasa la 5. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limefungua mlango huo, na sioni sababu walimu wake wasifundishwe kwa nyaraka zenyewe.

Lugha ndiyo zawadi kubwa ya karibuni ya ushirikiano huu. Novemba 2021 Mkutano Mkuu wa UNESCO uliitangaza Julai 7, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono. Ni lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku kama hiyo, na nilishangilia. Marekani imetangaza kujitoa tena UNESCO kufikia Desemba 2026, kwa hiyo miaka ijayo itakuwa ya fedha haba, na inatupasa kutafuta mambo ya gharama ndogo yenye uzito. Moja lipo wazi. Taarifa za hali ya uhifadhi ambazo serikali hupeleka kwa Kamati huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na maamuzi yanayorudi ni hivyohivyo. Hakuna kanuni inayodai zimfikie mwenyeji kwa lugha yake. Serikali haihitaji ruhusa ya Paris kuzitafsiri. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina watu, Tume ya Taifa ya UNESCO ina nyaraka. Zikipelekwa ofisi za vijiji na shule za Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kolo na Nainokanoka kule Ngorongoro, fundi wa chokaa atajua kazi yake imeelezwaje mbele ya mataifa, na mfugaji atajua kilichoandikwa juu ya ng'ombe wake kabla ujumbe mwingine wa Kamati haujafika, akaandaa majibu.